Bwana wa Miiba Shingoni mwa Mtungi

Maji ya kwanza kumiminwa kwenye mtungi mpya yana harufu yake. Watu husema ni harufu ya mvua, lakini hao hawajakaa na mitungi. Mvua hunukia nje. Hii huingia ndani, ikakaa karibu na koo, pale pale kilio kinapoanzia. Ninao mtungi mmoja hapa Dodoma, kwenye kona ya jiko, kando ya friji aliyoinunua mume wangu kwa mbwembwe nyingi. Friji ni yake, mtungi ni wangu. Mgeni akiomba maji ya baridi nampa ya mtungini, na akikunja uso namwambia avumilie, maana maji ya friji yetu yana ladha ya samaki wa juzi.

Basi kila ninapoinama na kikombe changu, ile harufu hunishika mkono ikanirudisha Ikombe. Wewe ambaye hujafika, Ikombe iko mbele ya Matema, mahali ambapo milima imeshuka hadi ikaloweka miguu ziwani, na njia ya maana ni mtumbwi. Huko ndiko nilikokulia, kwa Bibi mzaa mama, mfinyanzi kama walivyo wanawake wengi wa Kikisi. Asubuhi ziwa lilikuwa likitulia hata usijue mwisho wa maji ni wapi na mwanzo wa mbingu ni wapi, na milima ya ng'ambo ilionekana kama mtu ameichora kisha akajuta akaifuta nusu. Mimi nilikuwa mtoto wa kuduwaa. Nilitumwa maji nikarudi na ndoo tupu na habari za mawingu.

Bibi alifanya kazi ameketi chini, miguu ameinyoosha, akikizungusha chungu juu ya kigae kilicholoweshwa. Udongo ulikuwa ukipanda mikononi mwake polepole, tumbo likatokea, kisha shingo, kisha mdomo. Shingo ilipokaza kidogo, kabla hajapaka udongo mwekundu na mweupe, alivuta uzi uliokuwa kifuani pake, ndani ya blauzi. Kwenye uzi huo ilining'inia sarafu ndogo nyeusi. Aliibandika kwenye udongo mbichi, akaigandamiza kwa kidole gumba, akaibandua. Pale shingoni palibaki kichwa cha mwanamume anayetazama pembeni, ana ndevu, na kichwani amevaa taji la vitu vilivyochongoka.

Huyo alikuwa Bwana wa Miiba. Ikombe nzima ilimjua. Taji lile lilikuwa la miiba, na mwenye taji la miiba tunamjua wote, Jumapili hata Jumatatu. Sokoni Lyulilo, siku za Jumamosi, kina mama waliotoka Kyela walikuwa wakipekua mitungi wakiuliza, "Yenye Yesu ipo?" Bibi aliwaonyesha bila kujivuna, ila niliona mabega yanapanda kidogo. Sarafu ile alirithi kwa mama yake, ambaye naye alipewa zamani na mama mmoja Mzungu wa misheni, kwa shukrani ya mtungi. Yule Mzungu aliitoa wapi, hakuna aliyeuliza. Mtu hapewi shukrani akaanza kudai hati.

Nilikuwa na shida moja tu duniani, na nawaambia ninyi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Mama yangu, Lugano, alifariki kabla sijajua kumtazama. Hakuwa na picha. Nguo zake ziligawiwa kama ilivyo desturi. Alikuwa mfinyanzi, na kwa akili yangu ya kitoto nilitaka chombo kimoja tu alichokishika, nikishike nami. Lakini nyumba yetu haikuwa na mtungi wake hata mmoja. Vizuri vyote viliuzwa, nasi tulipikia vyungu vilivyopinda na kunywea vilivyopasuka mdomo. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, nadhani waliwahi kula kwetu. Nikimuuliza Bibi kuhusu mama alisema, "Alikuwa na mikono myepesi," kisha akageukia udongo wake, na mgongo wake ukawa ukuta.

Mwaka niliokuwa darasa la tano alikuja Mwalimu Rajabu. Alikuwa mtu wa Korogwe aliyepangiwa kufundisha historia katika sekondari moja upande wetu, mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi pembeni. Alikwisha kujifunza kuitikia salamu zetu, na lafudhi yake iliwachekesha sana wauza samaki. Jumamosi ile alikuja Lyulilo kutafuta mtungi wa maji. Aliinua mmoja wa kwetu, akauzungusha, akavua miwani, akaivaa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mugonile, mwalimu."

"Ndaga. Mama, huyu mtu wa shingoni umemtoa wapi?"

"Huyo ni Yesu," Bibi akamjibu.

Mwalimu, ambaye kwao ni msikitini, hakubisha. Alisema "Ahaa," akalipa, akasimama palepale akiwa amekumbatia mtungi mpaka watu wakaanza kumpita kwa kumzunguka. Mwishoni aliomba ruhusa ya kuja nyumbani kutuona. Jumamosi iliyofuata alirudi nasi kwenye mtumbwi wa jioni, ameshika kingo mbili kwa mikono miwili, na mapajani ana kitabu kikubwa kilichofungwa ndani ya nailoni.

Sikuwahi kuona kitabu kama kile. Kurasa zake zilijaa sarafu tupu, vichwa juu ya vichwa, wanaume wenye pua kubwa walioonekana kuudhiwa na jambo fulani. Mwalimu alikuwa akikusanya sarafu za zamani: za Wajerumani, za Waingereza zenye tundu katikati, chochote. Bibi alimpa ya kwake bila kuivua shingoni, kwa hiyo ilibidi mwalimu apige magoti mbele yake na kioo chake cha kukuzia, kama mtu anayeposa. Mimi nilijipenyeza katikati yao.

"Tazama taji kwanza," aliniambia, maana aliona macho yangu. Makaisari wa Roma, alieleza, hawakuvaa taji moja. Wako waliovaa la majani, limefungwa kisogoni kwa utepe. Wale wa mwishomwisho walivaa ukanda mwembamba wa vito. Na kuna hili lenye ncha, ambalo kwenye sarafu za shaba za zamani zake lilikuwa alama kwamba sarafu hiyo ina thamani mara mbili ya mwenzake. Kisha unatazama maandishi yanayozunguka kichwa, unatafuta jina. Kisha unageuza nyuma. Ukipata hayo, unajua ni nani na ni lini.

Alimgeukia Bibi akasita. "Mama, naomba nisikuvunjie heshima. Hii si miiba. Ni miale ya jua. Huyu ni mfalme wa Kirumi."

Nilifikiri atafukuzwa. Bibi aliitazama sarafu, akauliza, "Alikuwa amebatizwa?"

"Sidhani, mama."

"Basi sasa amebatizwa. Fikiri maji yaliyopita mbele ya uso wake." Akairudisha sarafu ndani ya blauzi, na kwa upande wake jambo likaisha. Mpaka leo sijasikia mahubiri yaliyonikaa kuliko hayo.

Lakini mwalimu alitaka jina, na jina lilikuwa limekwenda. Maandishi yalikuwa yamesagika kwa kugandamizwa kwenye udongo wenye mchanga, mwaka hadi mwaka. Huko nyuma kulikuwa laini kabisa kama sabuni iliyotumika, kwa sababu ndiko walikoweka kidole gumba wanawake watatu wa ukoo mmoja. Wanawake watatu: mama yake Bibi, Bibi, na mama yangu. Mwalimu aliposema hivyo nilitamani kuweka changu, ila sikuthubutu kuomba.

Yeye ndiye aliyepata wazo. Sarafu imechakaa, alisema, lakini udongo uliochomwa hauchakai upesi. Mtungi wa zamani utakuwa umeshika maandishi yalivyokuwa wakati ule. Bibi alikumbuka chungu cha mama yake kilichobaki kwa jirani, kikitunza mbegu za mpunga. Tulikwenda. Kilikuwa kizito, cheusi kwa moshi, na shingoni Bwana wa Miiba alikuwa kijana. Alama kwenye chungu huwa imezama na imegeuka, kushoto kuwa kulia, kwa hiyo Bibi alichukua donge la udongo laini, akaligandamiza ndani ya ile alama, akalibandua taratibu. Pale kiganjani mwake ilizaliwa sarafu ya udongo, ndogo kidogo kuliko ya kweli kwa sababu chungu hunywea motoni, lakini ina herufi pande zote. Mwalimu alizisoma akitingisha kichwa. Zile za mwisho, A, V na G, alinieleza ni cheo cha kaisari. Alinitajia na jina lenyewe, jina gumu, nami nikalipoteza kabla ya chakula. Ninachokumbuka ni kwamba mtu yule alitawala wakati Yesu alikwisha kupaa zaidi ya miaka mia mbili. Niliitazama ile sura ya udongo ikianza kukauka pembeni na nikahisi muda ni kitu ambacho mtu anaweza kukishika akakibonyeza.

Kwa mwalimu kazi ilikuwa imekwisha. Kwangu ndiyo kwanza ilianza. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na lundo la vigae, vyungu vilivyopasuka wakati wa kuchomwa tangu zamani za mama yake Bibi. Kesho yake, mwalimu akisubiri mtumbwi wa kurudi, tulipekua lundo lile tukatoa shingo zote zenye alama, naye akanionyesha jinsi ya kuzipanga juu ya mkeka, kutoka yenye herufi nyingi hadi isiyo na herufi. Ukizitazama kwa kufuatana ulimwona yule bwana akizeeka, ndevu zikipotea, jicho likifumba.

Ghafla mwalimu aliweka kidole kati ya vigae viwili. "Hapa pana hatua imerukwa," alisema. Upande huu wa pengo, taji lilikuwa na miale yote na juu ya kichwa palikuwa laini. Upande ule mwingine mambo mawili yalikuwa yamebadilika kwa pamoja: juu ya kichwa palitokea kinundu kidogo, alama ya tundu la uzi, na mwale wa mbele, ulio juu ya paji la uso, haukuwepo tena. Mambo hayo hayakutokea siku moja, alisema. Kuna vyungu vya katikati ambavyo lundo halina.

Nilimkimbilia Bibi, aliyekuwa anachanja kuni. Nilimuuliza tundu lilitobolewa lini.

"Babu yako alilitoboa mama yako alipoanza kufinyanga. Nilimwachia kazi, mimi nikabaki kuuza. Alikuwa anaogopa kuidondosha ziwani."

"Na mwale uliovunjika?"

Shoka lilisimama. "Iligonga jiwe."

"Lini?"

"Mwaka ule," alisema, na nyumbani kwetu mwaka ule ulikuwa mmoja tu, wa kufa mama.

Nilirudi kwenye mkeka nikitembea polepole, nikiogopa kumwaga kitu. Tundu lipo, miale yote ipo. Chungu chenye kinundu na taji zima ni cha mama yangu, hakiwezi kuwa cha mtu mwingine. Nilipekua lundo tena mpaka kucha zikauma. Hakikuwepo hata kigae kimoja. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu, akasema, "Usijisumbue, mwanangu. Vya mama yako havikupasuka motoni." Mikono myepesi. Nililia, na sikujua kama nalia kwa huzuni au kwa fahari.

Tangu siku ile nikawa mtoto wa ajabu. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla ya salamu, macho yalikwenda kwenye kona ya maji. Harusini, kanisani, sokoni, nilipitisha kidole juu ya rangi nikitafuta kinundu na kupapasa taji. Kina mama waliniita mkaguzi wa mitungi. Mmoja aliniambia kama natafuta mchumba, humo shingoni nimechelewa. Mtungi haukai milele. Mbuzi huupiga pembe, mtoto huuangusha, ndoo ya plastiki huja nao hutupwa. Miaka ilipita, Mwalimu Rajabu akahamishwa, na vidole vyangu havikukutana na chochote isipokuwa taji lililovunjika.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Kila baada ya mavuno ya mpunga, Bibi na mimi tulipeleka vyungu Talatala kwa mama mdogo, huko kwenye mashamba, kuvibadilisha. Bei ilikuwa rahisi: chungu kinajazwa mchele hadi shingoni, mchele wako, chungu chao. Na kila tuliporudi Bibi alitaka tupitie Ndandalo. Haikuwa njia yetu. Ilituchosha, ilituchelewesha, na tulipofika ilikuwa kwa ajili ya jambo la kijinga kabisa, maji ya kunywa. Huko aliishi rafiki yake, Mama Subilaga, mjane mwenye shamba la kakao nyuma ya nyumba, na ndani kwake kulikuwa na giza tamu na harufu ya mbegu za kakao zilizoumuka. Bibi aliketi barazani akasema, "Tupe maji." Hata kama tulikunywa muda mfupi kabla. Hata kama mvua ilikuwa inatunyeshea. Nilianza kwenda pale nikiwa nimebebwa mgongoni, nami nilipopata akili niliona aibu, kwa sababu mtu ataonekanaje akitembea mwendo wote ule kuomba maji? Na lazima na mimi ninywe. "Maliza," Bibi alikuwa akiniambia, akikitazama kikombe mpaka kiishe.

Mwaka wa mwisho kabla sijaenda shule ya bweni tulipita tena. Mama Subilaga alikuwa anaumwa miguu, akaniambia niingie nichote mwenyewe. Sikuwahi kuingia chumba kile. Mtungi ulikuwa pembeni kwenye mchanga, umevishwa gunia lililoloweshwa ili maji yapoe, kwa hiyo nilichoona ni mdomo wake tu. Niliinama, ile harufu ikaja. Kwa mazoea tu, bila tumaini lolote, niliingiza kidole chini ya gunia.

Kinundu kilikuwepo. Kidole kikashuka kwenye taji, mfereji mmoja baada ya mwingine, kikaenda hadi mbele, juu ya paji la uso, kikasimama pale. Mwale ulikuwepo. Ulikuwa umezama vizuri, mkali, umebonyezwa na mtu asiyekuwa na haraka. Niliketi kwenye ule mchanga, nikaukumbatia mtungi, shavu juu ya gunia bichi. Ulikuwa wa baridi, na kadiri nilivyokaa ndivyo upande wa shavu langu ulivyopata joto.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipotoka na kikombe Bibi alikuwa ananitazama. Nguo yangu ilikuwa imelowa kifua kizima, kwa hiyo hapakuwa na la kuficha.

"Umekunywa?" aliniuliza.

"Nimekunywa, Bibi."

"Maliza."

Nikamaliza. Mama Subilaga akatazama mikakao yake. Bibi akasema, "Ndaga fijo," asante sana, nadhani alimwambia yeye, tukachukua mchele wetu tukaondoka, na njiani hatukulizungumza jambo lile. Hatukulizungumza kamwe.

Yaliyobaki nilielezwa na Mama Subilaga kwenye msiba wa Bibi, mimi nikiwa mtu mzima. Aliniambia kwamba alijitolea mara nyingi kuurudisha ule mtungi, na Bibi alikataa kila mara. "Kwangu nitaulinda tu," alisema. "Hapa unafanya kazi." Aliniambia pia habari ya jiwe. Sarafu haikugonga jiwe, ilirushwa. Siku ya kumzika mama, Bibi aliikata kwenye uzi akaipiga kwenye miamba ya ufukweni kwa nguvu zake zote. Kisha, kabla jua halijazama, waombolezaji wakamwona ndani ya maji hadi kiunoni, na nguo zake za msiba, akipapasa chini kati ya mawe, na hakukubali kutoka mpaka alipoipata.

Basi alijua. Kila siku alipoivuta ile sarafu kifuani, mwale uliokosekana alikuwa ameuvunja yeye, na aliugandamiza kwenye kila mtungi akauuza. Nilimwona ukuta kwa sababu hakusema, kumbe alikuwa akinipeleka kwa mama yangu kila mwaka tangu nikiwa mgongoni, akinisimamia ninywe mpaka tone la mwisho. Nilizunguka nikitafuta chombo alichokishika mama, nami nilikwisha kulelewa kwa maji yake.

Sarafu ninayo mimi sasa. Sifinyangi, mikono yangu ni mizito, nilijaribu, watu wakacheka. Mtungi uko Ndandalo, kwa binti yake Mama Subilaga, na unafanya kazi. Tukienda likizo namchukua binti yangu tunapita huko, ingawa barabara nzuri siku hizi haipiti pale hata kidogo. Yeye ni mtoto wa maji ya chupa, naye hulalamika njia nzima. Mwaka jana, tukiwa tumeketi barazani, alininong'oneza, "Mama, lakini sisi hatuna kiu."

Nikamwekea kikombe mkononi. "Maliza," nikamwambia.